Kupinga Ushuru Kortini Bila Kuvuruga Ritani Zako: Mwongozo Kamili kwa Mlipa Ushuru wa Kenya

Kesi ya ushuru haisimamishi ritani, yaani taarifa za ushuru unazotakiwa kuwasilisha. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu aliyekosana na KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) anapaswa kuambiwa, na wengi huja kuambiwa wakiwa wamechelewa. Mtu anasajili pingamizi, anamlipa wakili, kisha anaacha kuwasilisha ritani za VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) kwa hoja kwamba "jambo liko kortini". Miezi inapita. Deni analobishania liko palepale, lakini kando yake zimerundikana faini za kila mwezi ambazo hakuna jaji atakayezifuta, kwa sababu hazihusiani kabisa na kesi.

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara, mwajiri au kampuni ndogo iliyo Kenya ambayo inapinga ushuru wa serikali kuu, na inataka kujua inadaiwa taarifa gani wakati kesi inaendelea: nini kiandikwe, kipelekwe wapi, na kwa tarehe gani. Sheria mbili ndizo mhimili wake: Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 na Sheria ya Jopo la Rufaa za Ushuru ya 2013. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote hakikisha takwimu ni za mwaka ulio nao.

Hatua ya 1: Tambua unapinga kitu gani

Kuna mizozo ya aina mbili, na kila moja ina wajibu wake wa taarifa.

Ya kwanza ni mzozo wako binafsi. KRA imekuletea makadirio yanayosema umelipa pungufu, nawe unaona hesabu si sahihi au sheria imetumiwa vibaya. Njia yake imenyooka: pingamizi kwa Kamishna wa KRA, kisha Jopo la Rufaa za Ushuru, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa. Usijaribu kuruka ngazi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaizuia Mahakama Kuu kupitia uamuzi wa kiutawala kabla mlalamishi hajamaliza njia nyingine zilizowekwa, na kesi nyingi za ushuru zimetupwa kwa sababu hiyo tu.

Ya pili ni kupinga sheria yenyewe, kwamba Bunge halikuwa na mamlaka ya kuitunga au ilipitishwa kinyume cha Katiba ya 2010. Hapa unaenda Mahakama Kuu moja kwa moja kwa ombi la kikatiba, wewe mwenyewe au kupitia chama chenu. Ndivyo chama cha wamiliki wa baa wa Kitengela kilivyofanya dhidi ya ushuru wa kiwango cha chini, ule wa asilimia 1 ya mauzo yote ulioanza Januari 2021 na ambao ulimpata hata aliyefunga mwaka kwa hasara.

Katika aina ya kwanza, mzozo wako haugusi ritani nyingine hata moja. Katika aina ya pili, amri ya korti inaweza kubadilisha ritani za nchi nzima kwa siku moja, kisha amri nyingine ikazirudisha zilivyokuwa. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 2: Soma amri yenyewe, usisome kichwa cha habari

Ukiwa na ombi la kikatiba, au ukisubiri matokeo ya kesi ya wengine, ushuru unaendelea kudaiwa hadi korti itoe amri ya kuusitisha. Kusajiliwa kwa kesi hakutoshi. Tarehe ya kutajwa kwa kesi haitoshi. Na amri ikitoka, inafanya kile tu kilichoandikwa ndani yake.

Ushuru wa kiwango cha chini ni mfano mzuri. Awamu ya kwanza ilikuwa ilipwe kufikia 20 Aprili 2021. Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu ya Machakos alitoa amri ya muda ya kuusitisha tarehe 19 Aprili, siku moja kabla. Aliyekuwa amejiandaa kulipa alijikuta na swali la kujibu usiku mmoja. Septemba 20 mwaka huohuo ushuru ule ukatangazwa kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na uamuzi huo Desemba 2022. Lakini zingatia kilichositishwa: ni ushuru wa kiwango cha chini peke yake. Awamu za kawaida za ushuru wa mapato hazikuguswa, na aliyeziacha kwa kudhani zote zimesimama alikuwa na deni halali.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta msukosuko mkubwa zaidi. Seneta Okiya Omtatah na wenzake walienda kortini, na Juni 30, 2023 Jaji Mugure Thande akasitisha utekelezaji wake. Julai 28 Mahakama ya Rufaa ikaondoa amri hiyo. Waajiri wakabaki na siku chache tu kabla ya tarehe 9 Agosti, siku ya kuwasilisha makato ya mshahara wa Julai. Novemba 28 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaitangaza ada ya nyumba, yaani makato ya mshahara ya kugharamia nyumba za bei nafuu yaliyoletwa na sheria hiyo, kuwa kinyume cha Katiba, lakini wakaahirisha utekelezaji wa uamuzi wao hadi Januari 10, 2024. Januari 26 Mahakama ya Rufaa ikakataa kurefusha ahirisho hilo. Machi 19 Rais akatia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu na ada ikarudi kwa mlango mwingine. Kisha Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa Sheria nzima ya Fedha ya 2023. Agosti 20 Mahakama ya Juu ikasitisha uamuzi huo. Na Oktoba 29 ikaamua kwamba sheria hiyo ni halali.

Sasa jiweke mahali pa mwenye duka anayelipa ushuru wa mauzo. Sheria ya 2023 ilipandisha kiwango kutoka asilimia 1 hadi 3. Ritani ya Julai 2024 ilitakiwa kufikia Agosti 20, siku ileile Mahakama ya Juu ilipotoa amri yake. Mauzo yake ya mwezi yakiwa shilingi 800,000, tofauti ni kati ya kulipa 8,000 na 24,000. Aliyewasilisha mapema Agosti kwa asilimia 1 akiamini sheria imekufa alijikuta na upungufu wa 16,000 uliokuwa ukizaa riba.

Kwa hiyo ukipata amri, iwe imetoka katika kesi yako au ya mtu mwingine, chukua nakala yenyewe kutoka masjala ya korti au kwa wakili na utafute mambo manne:

- Ni vifungu gani vilivyositishwa? Sheria nzima au kipengele kimoja?
- Inamlinda nani? Walalamishi waliotajwa peke yao, au kila mlipa ushuru?
- Inaanza lini na inakwisha lini? Amri nyingi za muda hudumu hadi tarehe ya kutajwa tu, na zisiporefushwa hufa zenyewe.
- Imesitisha malipo, au malipo pamoja na kuwasilisha taarifa? Haya ni mambo mawili. Ikiwa amri inazungumzia kukusanya peke yake, ritani bado unadaiwa.

Andika majibu ya maswali hayo kwenye karatasi moja, tia tarehe, na uiweke kwenye faili la mwezi huo. Miaka mitatu baadaye, mkaguzi akiuliza kwa nini Aprili hukulipa, karatasi hiyo ndiyo jibu lako.

Na ushauri wangu wa dhati: hata ushuru ukiwa umesitishwa, endelea kuupigia hesabu kila mwezi pembeni na kutenga fedha zake. Amri za muda huondolewa, na zikiondolewa hazikuulizi kama una pesa benki.

Hatua ya 3: Pingamizi, na siku 30 zake

Ukipokea makadirio ya KRA, siku 30 zinaanza kuhesabiwa tangu ulipoarifiwa. Hesabu siku zote, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, ili usije ukabishania kalenda badala ya ushuru. Siku ya mwisho ikiangukia wikendi au sikukuu, maliza siku ya kazi iliyotangulia.

Pingamizi huwasilishwa kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, na ili likubalike lazima litimize mambo haya: litaje sababu zako kwa ukamilifu, liseme unataka makadirio yarekebishwe vipi na kwa nini, liambatane na stakabadhi zote zinazohusika, na uwe umelipa sehemu ya ushuru ambayo huibishanii, au umeomba muda wa kuilipa.

Sharti la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Nakuru na KRA imekukadiria VAT ya shilingi 1,200,000. Katika kukagua faili zako unaona kwamba kweli mauzo fulani hayakuingizwa, na VAT yake ni 300,000. Zilizobaki 900,000 ni madai ya VAT ya ununuzi (VAT uliyolipa uliponunua bidhaa, unayoitoa kwenye ile ya mauzo yako) ambayo KRA imeyakataa ingawa unazo ankara na uthibitisho wa malipo ya benki. Lipa zile 300,000 kwanza, kwa namba yake ya malipo, kisha pinga 900,000. Ukipinga zote 1,200,000 huku maelezo yako yenyewe yakionyesha kwamba 300,000 ni halali, umempa Kamishna sababu ya kusema pingamizi si sahihi kisheria.

Pingamizi likiwa na kasoro, Kamishna anapaswa kukuarifu ndani ya siku 14. Jibu haraka na kwa maandishi. Likikamilika, ana siku 60 za kutoa uamuzi, na asipotoa, sheria inachukulia kwamba pingamizi limekubaliwa. Hapo ndipo stakabadhi ya kupokelewa kutoka iTax inapokuwa na thamani ya dhahabu: tarehe iliyo juu yake ndiyo itakayoamua kama siku 60 zimepita. Ichapishe siku hiyohiyo.

Ukichelewa kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, unaweza kumwomba Kamishna muda zaidi, ukiambatanisha uthibitisho. "Mhasibu wangu hakuniambia" ni sababu dhaifu sana.

Hatua ya 4: Jaza ritani zinazofuata bila kujipinga

Hapa ndipo penye kazi hasa, na ni sehemu ambayo mawakili huiachia wahasibu na wahasibu huiachia mawakili.

Mzozo wako ni wa miezi iliyopita, lakini biashara inaendelea. Muuzaji yuleyule ambaye ankara zake zimekataliwa bado anakuletea mabati. Mwezi huu ukijaza VAT, utadai ile ya ununuzi kutoka kwake au hutaidai?

Ukiacha kuidai kwa woga huku umeliambia Jopo kwamba madai yako ni halali, ritani yako inakuwa shahidi wa upande wa pili. Wakili wa KRA atauliza, kwa upole kabisa, kwa nini uliacha. Ukiidai bila kujiandaa, utapata makadirio mengine na mzozo wa pili. Kwa maoni yangu, kama unaamini hoja yako na una nyaraka, idai, lakini jenga ulinzi kuizunguka: ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) kwa kila mzigo, malipo kwa benki au simu na si taslimu, hati ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi. Kumbuka pia kwamba VAT ya ununuzi hudaiwa ndani ya miezi sita. Ukisubiri kesi iishe ndipo udai, haki yenyewe itakuwa imekwisha muda.

Kwa ushuru wa mapato kuna njia tatu za kushughulikia jambo unalolibishania, na kila moja ina matokeo yake.

Unaweza kutangaza na kulipa, kisha uombe ritani irekebishwe au fedha zirejeshwe. Kamishna akikataa, kukataa kwake ni uamuzi unaoweza kuupinga. Hii ni njia salama kuliko zote, na inafaa pale kiasi si kikubwa au unapohitaji rekodi safi kwa ajili ya tenda.

Unaweza kutangaza usilipe. Usifanye hivyo. Ushuru uliojikadiria mwenyewe na kuutangaza kwenye ritani ni deni lililokubaliwa, na usipolipwa KRA inaweza kutuma notisi ya uwakala kwa benki yako na kuchukua fedha moja kwa moja kwenye akaunti.

Unaweza pia kuwasilisha ritani kwa msimamo wako wa kisheria, yaani bila kuhesabu kiasi unachokipinga, ukisubiri makadirio ya ziada ambayo utayapinga. Njia hii ni halali, lakini inataka uwazi. Sheria inatoza adhabu ya asilimia 75 ya upungufu pale mtu alipopotosha kwa makusudi na asilimia 20 katika hali nyingine, ila inamwondolea adhabu hiyo aliyechukua msimamo wenye hoja za maana kuhusu tafsiri ya sheria. Utathibitishaje kwamba ulikuwa msimamo na si ufichaji? Kwa barua. Fomu za iTax hazina nafasi ya kueleza hoja ya kisheria, kwa hiyo siku unayowasilisha ritani andikia ofisi yako ya ushuru barua fupi, uipeleke kwa baruapepe na kwa mkono, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Inaweza kuwa hivi:

"Tumewasilisha leo ritani ya ushuru wa mapato ya mwaka 2024. Hatukujumuisha malipo ya aina fulani yaliyoelezwa kwenye jedwali lililoambatishwa, kwa sababu tunaamini hayatozwi ushuru chini ya kifungu tulichokitaja. Suala hilohilo la mwaka 2022 liko mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru. Hesabu ya ushuru ambao ungedaiwa iwapo msimamo wetu si sahihi imeambatishwa."

Sentensi ya mwisho inawaogopesha watu, wanaona kama wanajichongea. Lakini mtu anayeficha hatoi hesabu ya kile anachokificha. Barua hiyo ndiyo tofauti kati ya mlipa ushuru mwenye hoja na mkwepaji.

Hatua ya 5: Kalenda isiyojua kesi

Hizi ndizo tarehe ambazo hazibadiliki hata ukiwa mbele ya Mahakama ya Juu:

- Tarehe 9 ya kila mwezi: PAYE (ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara) na makato mengine ya mishahara ya mwezi uliotangulia.
- Tarehe 20 ya kila mwezi: VAT, ushuru wa mauzo, ushuru wa bidhaa na ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha.
- Ndani ya siku tano za kazi: ushuru wa zuio uliokata kwenye malipo ya watu wengine.
- Tarehe 20 ya mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili wa mwaka wako wa hesabu: awamu za ushuru wa mapato.
- Juni 30: ritani ya mwaka ya mtu binafsi. Kampuni huwasilisha kabla ya mwisho wa mwezi wa sita baada ya kufunga mwaka.

Faini ya kuchelewesha ritani ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kiasi kilicho kikubwa. Kampuni ni 20,000 au asilimia 5. VAT ni 10,000 au asilimia 5. PAYE ni 10,000 au asilimia 25. Mwezi usio na mauzo bado unadai ritani tupu: aliyefunga duka akisubiri hukumu lakini hajafuta wajibu wake wa VAT anatozwa 10,000 kila mwezi anaonyamaza.

Ritani zinazokosekana pia zinakunyima cheti cha kuthibitisha kwamba umetimiza wajibu wa ushuru, na bila cheti hicho hakuna tenda ya serikali. Kubishana na KRA hakuharibu jina lako kama pengo la ritani linavyoliharibu.

Hatua ya 6: Amua kuhusu fedha wakati mnasubiri

Sheria ya Kenya haikudai ulipe ushuru unaoubishania kabla ya kusikizwa na Jopo. Inadai tu ulipe usioubishania, au mkubaliane na Kamishna jinsi ya kuulipa. Lakini riba haisubiri. Ni asilimia 1 kwa mwezi ya ushuru usiolipwa, na haiwezi kupita ushuru wenyewe.

Rudi kwenye duka la Nakuru. Shilingi 900,000 zinazaa 9,000 kila mwezi. Kesi ikichukua miezi 30 kutoka makadirio hadi hukumu ya Mahakama Kuu, riba ni 270,000, na adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa ni 45,000 nyingine. Ukishindwa, deni ni 1,215,000. Ikiwa unazo fedha na hoja yako ina uwezekano wa nusu kwa nusu, kulipa huku ukiandika wazi kwamba unalipa bila kukubali deni ni jambo la busara. Malipo hayo yafuatwe na barua, la sivyo yataonekana kama kukiri.

Usipolipa, kinga yako ni muda. KRA hairuhusiwi kutuma notisi ya uwakala kwa benki kwa ajili ya makadirio ambayo umeyapinga au kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa. Pitisha siku moja, na mlango huo unafunguka.

Hatua ya 7: Taarifa unazodaiwa na Jopo

Pingamizi likikataliwa, una siku 30 tangu kupokea uamuzi kuwasilisha notisi ya rufaa. Ndani ya siku 14 baada ya notisi unawasilisha hati ya rufaa, taarifa ya ukweli wa kesi na nakala ya uamuzi unaoupinga. Ada ni shilingi 20,000 zisizorejeshwa. Nakala zimfikie Kamishna ndani ya siku mbili baada ya kuziwasilisha, naye ana siku 30 za kujibu.

Zingatia mambo mawili. Mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi uko juu yako, si juu ya KRA. Na kwa kawaida huruhusiwi kuleta hoja ambayo hukuitaja katika rufaa yako, isipokuwa Jopo likuruhusu. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi taarifa ya ukweli, keti na mhasibu muilinganishe na ritani zote za kipindi hicho, mstari kwa mstari: mauzo yaliyotajwa kwenye VAT, mauzo kwenye ritani ya mapato, mauzo kwenye hesabu zilizokaguliwa, fedha zilizoingia benki. Yakitofautiana, eleza tofauti wewe kwanza. Kuna tofauti halali kabisa, kama mkopo ulioingia benki au amana ya mteja, lakini ikigunduliwa na wakili wa KRA inakuwa na sura nyingine.

Rufaa kutoka Jopo kwenda Mahakama Kuu, na kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufaa, nayo ni ndani ya siku 30 na ni kwa masuala ya sheria pekee. Ushahidi ulioachwa nje ya Jopo usitarajie kuuingiza huko. Ukishindwa kwenye Jopo, omba pia amri ya kusitisha utekelezaji: korti itataka kuona kwamba utapata hasara kubwa bila amri hiyo, kwamba hukuchelewa, na kwamba uko tayari kutoa dhamana.

Hatua ya 8: Ukiwa mwajiri

Fedha za PAYE na makato mengine si zako. Hata ukiwa mlalamishi wa kwanza katika kesi ya kupinga makato fulani, kama hakuna amri inayokuzuia, kata na uwasilishe. Ukiacha kukata na kesi ikashindwa, utalipa sehemu ya wafanyakazi kutoka mfukoni mwako, maana wengine watakuwa wameshaondoka. Ukikata na usiwasilishe, hali ni mbaya zaidi.

Makato yakisitishwa katikati ya mwezi, wajulishe wafanyakazi kwa maandishi ni amri ipi unayoifuata na inaanza na mshahara wa mwezi gani. Kisha hakikisha fomu ya P9 ya mwisho wa mwaka inaonyesha hasa kilichokatwa, mwezi kwa mwezi, kwa sababu mfanyakazi ataitumia kujaza ritani yake kufikia Juni 30. P9 inayoonyesha makato ya Februari ambayo hayakufanyika huleta mzozo kwa mtu asiye na kosa.

Hatua ya 9: Rekodi, anwani na hesabu za kampuni

Rekodi za ushuru huwekwa miaka mitano, kwa Kiingereza au Kiswahili. Lakini kesi iliyoanza kabla miaka hiyo haijaisha inarefusha muda huo hadi ngazi ya mwisho ya rufaa. Kabla ya kutupa maboksi ya 2019, uliza kama kuna mzozo wowote unaoyahusu. Nakili data za mifumo ya zamani kabla hujabadilisha programu ya hesabu.

Ukihamisha ofisi au kubadilisha anwani ya mawasiliano, mjulishe Kamishna ndani ya siku 30. Notisi nyingi huja kwa baruapepe iliyosajiliwa na PIN, na katika biashara ndogo nyingi baruapepe hiyo ni ya mtu wa saibakafe au ya mhasibu aliyeondoka zamani. Ingia iTax leo uhakikishe ni yako. Siku 30 za pingamizi hazisubiri mpaka ufungue barua.

Kampuni inayokaguliwa ina wajibu mwingine: kumweleza mkaguzi kuhusu kesi. Kwa viwango vya kimataifa vya hesabu, ikionekana kushindwa kuna uwezekano mkubwa kuliko kushinda, kiasi hicho huingizwa kwenye hesabu. Hatari ikiwa ndogo zaidi, hutajwa kwenye maelezo. Wakurugenzi wengine hupenda kunyamaza ili benki isiogope. Benki ikija kuliona deni kupitia notisi ya uwakala, itaogopa zaidi.

Hatua ya 10: Baada ya hukumu

Ukishinda, usidhani iTax imesikia. Chukua nakala rasmi ya hukumu na ya amri, iandikie ofisi yako ya ushuru ukiomba makadirio yafutwe na leja irekebishwe, kisha ingia kwenye leja mwenyewe baada ya wiki chache uhakikishe. Riba na adhabu zilizoambatana na deni lililofutwa nazo zinapaswa kuondoka, na mara nyingine hubaki zikining'inia peke yake. Kama ulikuwa umelipa, omba kurejeshewa au fedha zihamishiwe ushuru mwingine. Kwa ushuru wa mapato una miaka mitano tangu siku ya malipo, VAT ina masharti yake na muda wake. Aliyepinga sheria kwa ombi la kikatiba asichukulie kwamba kutangazwa batili kwa sheria kunamrejeshea alicholipa. Kama unataka fedha, ziombe waziwazi katika maombi yako tangu mwanzo, kwa kiasi.

Ukishindwa na huendi mbele, rekebisha ritani za vipindi vyote vilivyobaki vyenye suala hilohilo kabla KRA haijazifikia, kisha omba mpango wa kulipa kwa awamu. Ukishinda nusu, au mkipatana nje ya korti, hakikisha makubaliano yanataja kila mwezi na kila aina ya ushuru kwa jina na kiasi. Makubaliano yanayosema tu "pande zote zimekubaliana kuhusu VAT ya 2022" yatakurudisha mezani pindi afisa mwingine atakapokabidhiwa faili lako.